Chafya ya Kwenye Kona

Pikipiki ile ilikuwa na chafya. Sisemi kikohozi, maana pikipiki gani isiyokohoa asubuhi ikiamshwa? Hii ilikuwa chafya hasa, mbili za haraka na ya tatu ya kuchelewa, na ilipenda kuja pale mwendeshaji alipopunguza mafuta ili apinde kona ya mwisho kabla ya nyumbani. Watoto wa mtaa waliisikia wakapiga kelele, "Afya!" Kaka Mkubwa, aliyekuwa mwenye pikipiki, aliwapungia mkono kama waziri, kisha akaingia uani na kreti zake tupu za mikate zikigongana nyuma.

Siku moja hakuingia uani. Pikipiki ilimzimikia katikati ya njia panda ile kubwa, akiwa anapinda, na lori lililokuwa nyuma yake halikuwa na pa kukimbilia. Pikipiki ilitoka pale na taa iliyovunjika na usukani uliopinda. Yeye hakutoka. Watu walisema ni ajali, na ajali haina mwenyewe, wakala wakanywa wakaondoka.

Kazi ya kusambaza mikate ikamwangukia mdogo wake. Huyu alikuwa mtu mzima mwenye ndevu na madeni ya kinyozi, lakini nyumbani kwao hakuna aliyewahi kumwita vingine ila Mdogo. Alinyoosha usukani, akaweka taa mpya, akapanda. Aliogopa, bila shaka aliogopa, lakini kiwanda cha mikate hakingoji mtu apoe, na nyumbani kulikuwa na midomo miwili inayomtegemea: Baba na Shemeji, mjane wa Kaka.

Baba alikuwa fundi wa pikipiki maisha yake yote, hadi ugonjwa wa sukari ulipomchukua macho. Wanawe wote wawili aliwafundisha kazi. Mkubwa alifundishika. Mdogo alipewa spana akaitumia kuvunja njugu, na siku hiyo Baba akatamka mbele ya wateja kwamba mikono ya mtoto huyu imeumbiwa kushika kikombe cha chai. Wateja walicheka sana. Mdogo naye alicheka, na kicheko kile kilimkaa kooni miaka na miaka.

Kwa hiyo mtaelewa alivyojisikia jioni ile ya kwanza alipopinda kona, pikipiki ikapiga chafya zake tatu, na akamwona Baba anainuka kwenye benchi la mlangoni. Mzee ambaye miguu ilimvimba, ambaye kuamka kwenda chooni lilikuwa shauri la familia nzima, aliinuka peke yake akashika mwimo wa mlango.

"Kaja," Baba akamwambia Shemeji, aliyekuwa kwenye cherehani yake palepale mlangoni. "Mtilie chai."

Jioni ya pili ikawa vilevile, na iliyofuata, na zote zilizofuata. Kaja, mtilie chai. Mdogo alikunywa chai ile akijifanya hana hili wala lile, kumbe moyoni anachekelea kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Hakuwa amewahi kusubiriwa na mtu. Alijiambia msiba umemlainisha mzee. Amebakiwa na mmoja, sasa anamwona. Aliona haya kidogo kufurahia kitu kilicholetwa na kifo cha kaka yake, lakini alifurahi.

Na kwa kuwa alitaka kila kitu kiendelee kama Kaka alivyokiacha, alishika hata yale mazoea madogomadogo. Chini ya kiti cha pikipiki kulikuwa na kopo la oili. Kila asubuhi Kaka alikuwa akimimina kifuniko kimoja ndani ya tangi la petroli, akilitikisa tangi kwa magoti, ndipo anapiga kiki. "Baba kasema injini ilainishwe koo," alikuwa akimwambia yeyote aliyemshangaa. Mdogo naye akamimina kifuniko kimoja kila asubuhi, akatikisa kwa magoti, akapiga kiki. Kwake ilikuwa kama kumsalimia Kaka.

Halafu pikipiki ikamzimikia naye, palepale kwenye njia panda.

Ilikuwa asubuhi ya mawingu, mikate bado ya moto nyuma yake. Alipunguza mafuta apinde, injini ikapiga chafya moja, ya pili, ya tatu haikuja. Kimya. Nyuma yake honi ya gari kubwa ikalia, na yeye anapiga kiki, anapiga, mguu unateleza. Gari likamkwepa, dereva akamtukania wazazi wote wawili. Mdogo aliisukuma pikipiki hadi kando, akaketi juu ya jiwe la mpaka wa barabara. Mikate ilipoa ikingoja.

Siku hiyohiyo, alipomaliza kugawa mikate kwa kubembelezana na injini njia nzima, aliipeleka kwa Mama Spana. Mama huyu alikuwa na karakana ndani ya kontena kuukuu, milango imefunguliwa yote miwili, meza ya chuma iliyong'aa kwa grisi, sufuria la kuoshea vyuma, na redio iliyofungwa kwa waya isiibiwe. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa maneno.

Akafungua plagi, akaigeuza kwenye mwanga. Ilikuwa nyeusi tii, imeloa. Akaipeleka puani.

"Nani anaiwekea hii oili?"

"Oili si lazima iwepo?"

"Ya injini inakaa chini, kwenye nyumba yake. Mimi naulizia ya kwenye petroli."

Mdogo akainua kiti, akamwonyesha kopo. Mama Spana akacheka hadi mabega yakatikisika. "Jamani! Huyu aliyekufundisha ana miaka mingapi? Hayo yalikuwa mambo ya pikipiki za zamani, zile zilizokunywa petroli na oili kikombe kimoja. Zile bila oili zinakufa. Hii ukiinywesha oili inaziba. Masizi kwenye plagi, masizi kwenye vali, njia yote ya mafuta imeingia utando. Ndiyo maana inapiga chafya. Inataka kupumua, haiwezi."

"Inaweza kuzima?" Mdogo akauliza. "Tuseme unapinda. Umepunguza mafuta."

"Hapo ndipo inapozima. Ukiwa kasi inajikaza, lakini ukiipunguza, ikiwa imeshiba masizi, inakata tu, hata..."

Aliitambua pikipiki, naye alikuwa amekwenda mazikoni. Akaiweka plagi chini taratibu, juu ya kitambaa.

"Nisamehe, mdogo wangu," akasema. "Mdomo wangu huu."

Mdogo hakumsikia vizuri. Alikuwa anamwona Kaka na kifuniko chake, asubuhi baada ya asubuhi, akimimina kwa uangalifu asimwage tone. Baba kasema. Kaka alikuwa anamtii mzee, na mzee alifundisha alichokijua, na kwa kifuniko kile kidogo wakaijenga pamoja ajali ile, wote wawili wakiwa na nia njema. Mdogo hakumpata wa kumlaumu, na hilo lilimuuma kuliko lote.

"Mama," akasema, "usimwambie mtu. Nakuomba. Mzee akijua, hatamaliza mwezi."

"Kwangu limeingia kaburini," Mama Spana akajibu, akajiuma ulimi tena kwa neno alilochagua.

Kisha akafanya kazi, maana kazi ndiyo iliyokuwa imewaleta. Akamwaga petroli yote, akaosha tangi, akaweka plagi mpya na chujio jipya la hewa. Akatoa kwenye rafu chupa ndogo ya dawa ya kusafishia njia ya mafuta, akamweleza kama anayemweleza mgonjwa. Kipimo ni hiki cha kwenye chupa, kwa tangi zima, si kwa kukadiria kwa jicho. Petroli anunue kwenye pampu, aachane na ile ya chupa za kando ya barabara. Kila baada ya kugawa mikate aitafutie barabara ndefu, aipeleke mwendo wa kutosha bila kuilazimisha, ipate joto, iyachome masizi yanayolainika. "Mwanzoni itapiga chafya zaidi, usishtuke, ni uchafu unatoka. Halafu itatulia. Na usiifanye dawa hii kuwa uchawi. Inasafisha, basi. Haifufui."

Mdogo akafuata kila neno. Pengine hakuwahi kufuata maneno ya mtu hivyo maishani mwake. Alisema nafsini mwake kwamba ataisafisha pikipiki hadi ushahidi wote utoke kwa bomba la moshi, na Baba afe siku zake zikifika, bila kujua. Na kulikuwa na jambo la pili, dogo, ambalo alilionea haya: alitaka Baba aisikie injini imetulia, aulize nani kaifanya hivi, naye ajibu, mimi.

Chafya zikaongezeka, kama alivyoambiwa. Kisha zikaanza kupungua. Ya tatu ndiyo iliyotangulia kupotea. Kwenye benchi, Baba alikuwa bado anainuka, lakini kwa kusitasita, kichwa amekiinamisha upande mmoja. "Miguu hiyo," Mdogo akawaza, "lazima nimpeleke akapimwe." Ikapotea ya pili. Injini ikawa inavuta mlima na kreti zimejaa, bila kunung'unika. Mwenyewe alishangaa, hakujua kwamba pikipiki ile ilikuwa na nguvu zote hizo, imezikalia tu.

Jioni moja akapinda kona, akapunguza mafuta, na injini ikashuka laini, bila chafya hata moja. Watoto wa mtaa walibaki vinywa wazi, "Afya" yao haina wa kupewa. Mdogo akaingia uani anatabasamu. Baba alikuwa ameketi. Hakuinuka.

Mdogo akazima, akasimama mbele yake.

"Nani?" Baba akauliza.

"Mimi, Baba. Shikamoo."

"Marahaba." Uso wa mzee ulikuwa umeelekea kule konani, umempita mwanawe begani. "Mbona leo hajaja?"

"Nani hajaja?"

Cherehani ikanyamaza. Shemeji alikuwa ameondoa mguu kwenye kanyagio, anamtazama Mdogo kwa macho ya kumwomba asiendelee. Na hapo, polepole, kama mtu anayepapasa kidonda chake kujua kimefika wapi, Mdogo akaelewa. Kaja, mtilie chai. Si yeye. Hakuwa yeye hata jioni moja.

"Baba anajua, shemeji yangu," Shemeji akamwambia Mdogo kwa sauti ya chini. "Anajua kwamba kaka yako hayupo. Hajachanganyikiwa. Ni ile sauti tu. Tangu konani hadi hapa mlangoni ni kama yu hai, basi. Mimi mwenyewe... mimi mwenyewe nilikuwa nainua kichwa."

Mdogo akatafuta pa kuweka mikono yake, akaishia kuishika kofia.

"Umeifanya nini?" Baba akauliza.

"Nimeisafisha. Niliiwekea dawa ya njia ya mafuta, plagi mpya, chujio jipya. Ilikuwa inapoteza nguvu." Alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno haya, kwa furaha. Sasa yalimtoka kama maelezo ya mtu aliyeshikwa.

"Plagi ya zamani iko wapi?"

"Nimeitupa."

"Ilikuwaje?"

"Kawaida tu. Kavu. Imechakaa."

Baba akatikisa kichwa taratibu. "Ilikuwa nyeusi," akasema. "Nyeusi, na imeloa. Ukiinusa, oili."

Mdogo akaigeuza kofia mikononi.

"Unanificha, mwanangu? Mimi nimezisikiliza injini kabla mama yako hajakuzaa. Alipokuwa yeye anaiendesha nilikuwa sijali, nasikia kelele tu, nasema petroli ya siku hizi chafu. Alipokufa nikabaki na masikio peke yake. Wiki ile ya kwanza uliyoanza kuja nayo, niliisikiliza vizuri, nikajua. Nikajua kwa nini ilimzimikia. Ni kile kifuniko changu."

Shemeji alijifunika mdomo kwa kitambaa cha shati alilokuwa anashona. Mdogo alipaswa kumwonea baba yake huruma, na alimwonea. Siri aliyojitwika mgongoni kumbe mzee alikuwa ameibeba kabla yake, peke yake, gizani mwake. Lakini nyuma ya huruma kukaja kitu kingine, kikampanda hadi kichwani.

"Wiki ya kwanza," akasema. "Ulijua tangu wiki ya kwanza."

Baba akainamisha kichwa.

"Ulijua inazima. Ulijua inazimia wapi. Ukaniacha niiendeshe."

"Mwanangu..."

"Ilinizimikia, Baba! Palepale! Gari lilinipita hapa!" Akaonyesha kwa kiganja, akasahau kwamba anayemwonyesha haoni. "Kila asubuhi unasikia naondoka, unaniambia safari njema, unajua nimemimina nini kwenye tangi!"

"Baba," Shemeji akasema, na sauti yake ilikuwa ngumu, haijawahi kuwa hivyo mbele ya mkwe. "Mjibu."

Mzee alihangaika na vifundo vya vidole vyake. Alipojibu hakujitetea, na pengine ingekuwa afadhali angejitetea.

"Kila usiku nilisema kesho nitamwambia. Asubuhi nilisema nitamwambia akirudi. Halafu inafika jioni, inapiga chafya pale konani, na mimi nasahau kuwa ni wewe uliyekaa juu yake. Nasahau kabisa. Nilikuwa nataka niisikie mara moja zaidi, ndipo niseme."

Mdogo akageuka aondoke, akafika kwenye pikipiki, akakosa pa kwenda. Alilia ameiegemea, kwa hasira, mtu mzima na ndevu zake. Alimlilia kaka yake, na alijililia mwenyewe, aliyekunywa chai ya mtu mwingine jioni zote zile akidhani ni yake.

Baba alikuwa ameinuka. Alikuja akipapasa ukuta, kisha hewa, hadi mkono ukagusa tangi, lingali na joto.

"Unaweza kuirudisha?" akauliza.

"Kurudisha nini?"

"Ile sauti. Mara moja tu. Hapahapa uani, usiiendeshe. Mara moja, halafu sitakuomba tena kitu."

Mtu mwingine angemsukuma mzee yule. Nadhani Mdogo naye alifikiria. Lakini aliona mkono ule juu ya tangi, umekonda, unasubiri. Akainua kiti, akatoa kopo la oili ambalo hakuwa na moyo wa kulitupa. "Haya," akasema. Akaisimamisha pikipiki kwa stendi, akamimina kifuniko, akatikisa, akapiga kiki.

Injini ikaitika mara moja, laini. Akapandisha mafuta, akashusha, kama anavyoshusha konani. Laini. Baba amesogeza sikio, mdomo wazi kidogo.

"Ongeza," akasema.

Akaongeza kifuniko, na kingine. Moshi wa buluu ukaanza kutoka, ukajaa uani, Shemeji akakohoa. Akapandisha, akashusha. Injini ilinguruma ndani ya moshi ule bila kukwama, imeshupaa, imepona.

"Bado?" Baba akauliza.

"Bado, Baba."

"Ngoja kidogo. Itakuja."

Wakangoja. Mdogo alipandisha na kushusha hadi kifundo cha mkono kikamuuma, na mwenyewe sasa alikuwa anaitaka chafya ile, anaiomba, moja tu, hata ya kuchelewa. Moshi uliwaingia machoni wote watatu.

"Haiji, Baba," akasema mwishowe. "Ilichukua miaka kuwa vile. Haiwezi kuja leo."

Mkono wa mzee ulikaa juu ya tangi kidogo zaidi.

"Zima," akasema.

Asubuhi Mdogo aliisukuma pikipiki hadi kwa Mama Spana, ambaye aliimwaga petroli ile bila kuuliza swali, na hilo kwake halikuwa jambo dogo. Alipokuwa akitoka nyumbani, Baba alimwita kutoka benchini. Mdogo alisimama lakini hakugeuka.

"Sasa haina sauti," Baba akasema. "Sitakusikia. Ukifika konani, piga honi. Nijue ni wewe."

Mdogo akaisukuma pikipiki akaenda zake. Aligawa mikate siku nzima na donge lake kifuani, akapita njia panda ile mara mbili, injini ikashuka na kupanda chini yake bila wasiwasi wowote. Aliapa kwamba hatapiga honi. Aliapa tena alipokuwa anakaribia nyumbani. Akapunguza mafuta, akapinda, na kwa umbali ule akamwona mzee kwenye benchi, kidevu kimeinuka, masikio yake yote mawili yako konani, na Shemeji amesimamisha cherehani ili pasiwe na kelele.

Kidole gumba kilikaa juu ya honi. Kisha kikabonyeza.

Baba akainuka, akashika mwimo wa mlango.

"Kaja," akamwambia Shemeji. "Kaja Mdogo. Mtilie chai."

Halafu akaketi, akaufunika uso kwa viganja, akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu mazikoni, kwa kuwa sasa hapakuwa na mwingine wa kumsubiri.